Usiku wetu mmoja Kapolowe

Vakansi kubwa ya shule kwetu Lubumbashi inaangukia katikati ya baridi. Katika vitabu vya Kifaransa ambavyo watoto wetu wanasomea, kambi ya vakansi ni jua, kaptula na maji ya kuogelea. Huku, asubuhi ya mwezi wa saba, mtoto akifungua mdomo unaona mvuke unatoka kama kwenye sufuria, na mama anayeuza mikate kwenye kona amejifunga bikwembe viwili juu ya koti. Usiku baridi inaweza kushuka chini ya digri 10. Ni katika majira hayo ndipo parokia, maskauti na vikundi vya vijana wanachukua watoto kwenda kulala mbali na nyumba, juma zima, wengine kwa mara ya kwanza katika maisha yao.

Mwaka huu watoto 11 wa wamama wa kikundi chetu walikuwa kwenye orodha ya kambi moja upande wa Kapolowe. Mdogo kabisa alikuwa na miaka 9, mkubwa 12. Pesa tulikwisha kuipata, maana tangu mwezi wa tatu tulikuwa tunaiweka pembeni kila tulipokutana kwa likelemba. Shida ilikuwa mtoto mmoja, kijana wa miaka 10, ambaye ana damu ya SS. Mama yake alikuwa amesema hapana. Mtoto alikuwa amekaa siku tatu bila kumsemesha mama yake, anakula bukari yake kimya, anaosha sahani yake, anaenda kulala.

Wamama wengi wanaujua ugonjwa huo, lakini tuuseme tena kwa sababu bado kuna familia ambako wanautafutia mchawi. Baba ana AS, mama ana AS, wote wawili ni wazima, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto SS. Hakuna aliyeroga mtu. Chembe nyekundu za damu zinapinda, zinaziba njia ndani ya mishipa, na mtoto anashikwa na maumivu ya mifupa ambayo mama akiyaona mara moja hayasahau. Na yanayoita maumivu hayo ni mambo ya kila siku: baridi, kiu, uchovu mwingi, malaria. Ukitaka kuyakusanya yote manne mahali pamoja, peleka mtoto kwenye kambi mwezi wa saba.

Daktari wake hakukataa. Alisema mtoto anaweza kwenda kama atapata joto, maji ya kutosha na dawa zake, na kama hakuna mtu atakayemlazimisha kukimbia mpaka achoke. Maneno mazuri, lakini ni nani atakayeyafanya huko? Ndiyo maana tukaamua twende kuona mahali penyewe mbele ya watoto. Na mmoja wetu akasema: kuona mchana haitoshi, watoto watalala pale usiku. Tulale na sisi.

Tuliondoka wamama sita, saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya basi dogo ambalo madirisha yake hayakufunga vizuri. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kiasi cha kilometa 120 za lami, na Kapolowe unaifikia kabla ya Likasi. Ni barabara ya kazi. Malori makubwa yanateremka yamebeba shaba kwenda Kasumbalesa, mengine yanapanda, na dereva wa basi dogo anatafuta nafasi katikati yao kama mtu anayevuka soko siku ya Jumamosi. Kando ya njia kuna mifuko ya makala imesimamishwa wima, majani yamewekwa juu kama kofia. Pori ni la miombo, na wakati huu limekauka. Mahali pengine moto wa pori umekwisha kupita na udongo ni mweusi, pengine moshi bado unasimama. Vichuguu vya Katanga mnavijua, vingine vinapita nyumba kwa urefu, na watu wanavichimba kwa kufyatua matofali. Tuliandika jambo moja tu la njiani: watoto wasisafiri usiku kwenye barabara hii, hata kama gari la bure linapatikana jioni.

Kapolowe Gare unaijua kwa harufu kabla ya kuona kibao. Gari ikisimama tu, wamama na wasichana wanakimbia na mabeseni: samaki wabichi, wa kukaushwa, wa moshi. Samaki hao wanatoka katika ziwa Tshangalele. Wengi wetu tumewala tangu utoto bila kujua kwamba ziwa hilo si la kale. Lilitengenezwa na watu, wakati Union Minière ilipozuia mto Lufira kule Mwadingusha ili kupata umeme wa viwanda vya shaba. Mitambo ilianza kazi mwaka 1930. Maji yakatanda juu ya bonde, wavuvi wakaja, na leo wanawake wa Kapolowe wanalipa shule kwa samaki wa ziwa ambalo nkambo wa nkambo zao hawakulikuta. Tulinunua fungu moja mara moja, na hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Samaki hununuliwa wakati wa kurudi. Usiku ule paka wa misioni walitufundisha.

Tukaacha lami, tukaingia barabara ya udongo. Mahali pa kambi ni uwanja mpana wenye miembe mizee, na katikati kuna salle ya matofali yenye bati juu na saruji chini. Upande mmoja madirisha yana vioo, upande wa pili yana matundu tu. Pampu ya maji iko hatua 240 kutoka mlangoni, tulizihesabu. Vyoo viko nyuma ya kichuguu kikubwa, vya wasichana na vya wavulana vimetenganishwa, vina milango, lakini mlango mmoja ulikuwa hauna komeo. Kwa mchana mahali ni pazuri sana. Ndege wa ziwa wanapita juu wakilia, hewa ni safi, na kila mmoja wetu aliyelelewa kijijini alisema, hapa mtoto atapumua.

Aliyetupokea ni kijana, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye mkubwa wa wasimamizi. Alikuwa ametayarisha viti chini ya mwembe na maneno ya kukaribisha. Sisi tulikuwa na daftari.

Tulimwuliza: wasimamizi wangapi kwa watoto wangapi, wanawake ni wangapi kati yao, na wanalala wapi. Tulimwuliza kama watoto wataingia majini. Akajibu hapana, na akaeleza bila kusukumwa: katika Lufira kuna mamba, na kwenye maji yaliyosimama kati ya majani ndimo konokono wa bilharzia wanamokaa. Hapo alitupendeza. Tulimwuliza ni nani anayeweza kumwita mtoto usiku, na kwa sababu gani. Akatazama chini. Swali hilo ni gumu kulisema mbele ya kijana mwenye adabu, na tulimwambia hivyo: hatukushitaki wewe, mwana, lakini mama asiyeuliza leo atalia kesho. Tukapatana kwamba mtoto hatoki peke yake na mtu mkubwa usiku, yeyote awe. Choo ni kwa wawili au watatu. Kwa wasichana anaamka msimamizi mwanamke.

Tulipofika kwenye habari ya baridi, akacheka kidogo. "Wamama, musiogope. Sisi wote tulilala hapa tukiwa wadogo, na hatukufa."

Mama wa yule mtoto alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Akamjibu polepole: "Mwanangu, wewe ulikuwa AA."

Kijana akaacha kucheka. Akachukua bic, akaomba karatasi, akaanza kuandika yeye mwenyewe.

Sasa usiku. Tulitandika mikeka kwenye saruji, kila mtu na blanketi moja, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi ya kambi: mkeka mmoja, blanketi moja. Mpaka saa nne tulikuwa tunasimulia na kucheka kama wanafunzi wa bweni. Saa sita tulikuwa kimya. Saa tisa ya usiku hakuna aliyekuwa analala. Baridi haikutoka madirishani peke yake kama tulivyofikiri, ilipanda kutoka chini. Saruji inakunywa joto la mwili usiku kucha, na mkeka haufanyi kitu. Mama Mapasa, ambaye ana maungo ya kutosha na hasikii baridi kwa urahisi, aliamka akakunja blanketi lake mara mbili akalilalia, akajifunika kikwembe tu. Nusu saa baadaye alikuwa anakoroma. Tukamwiga. Somo letu la kwanza la usiku lilitoka kwake: ukiwa na blanketi moja, bora likae chini kuliko juu. Mtoto anahitaji mawili. Na chini kabisa weka kartoni iliyofunguliwa, au mfuko wa mahindi uliojazwa majani makavu. Kartoni hailipiwi, na inashinda mkeka.

Somo la pili lilitoka chooni. Kati ya mlango wa salle na kichuguu kuna mizizi ya miembe, na usiku usio na mwezi huoni mkono wako. Wawili wetu walianguka, mmoja akaumia goti. Mtu mzima akianguka anacheka. Mtoto wa miaka 9 hatarudi tena njia hiyo. Atajizuia mpaka asubuhi, au atajikojolea, na asubuhi wenzake watampa jina litakalomfuata mpaka shuleni. Tulikuwa na mtoto mmoja kwenye orodha ambaye bado anakojoa kitandani, na mama yake alikuwa amepanga kuficha. Alituambia palepale, gizani, tukiwa tumeshikana mikono kurudi ndani. Pengine asingesema mchana.

Asubuhi maji ya pampu yalikuwa yanakata vidole. Tuliuliza: mtoto wa SS ataoga nini? Hapakuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amelifikiria. Likaandikwa: moto wa jioni usizimwe, sufuria kubwa ibaki juu ya mawe, na kila mtoto mwenye karatasi ya daktari aoge maji ya moto, mchana, jua likiwa limepanda. Baadaye tulikwenda na pikipiki mpaka kituo cha afya kilicho karibu, si kwa kuangalia ukuta wake, bali kwa kupima njia. Dakika 22 mchana. Kwa usiku tukaandika 40. Tukaacha pale jina la mtoto, umri wake na aina ya damu, na tukaomba namba ya mtu wa pikipiki anayelala karibu na uwanja.

Tulirudi Lubumbashi tumechoka, tunakohoa vumbi, na mama wa mtoto bado hajasema ndiyo.

Aliyemgeuza ni mtoto mwenyewe, na ilikuwa hivi. Katika mkutano wetu tuliuliza kila mama: mtoto wako akiumwa, unajuaje? Tukagundua kwamba karibu wote tunajua kwa macho. Huyu akinyamaza ana homa. Yule akikataa chai tumbo linamuuma. Mama wa SS alisema, "Mimi namwona kwenye paji la uso. Linakunjika hivi, mbele hata yeye mwenyewe hajajua." Lakini kule Kapolowe hakuna anayejua kusoma paji hilo la uso. Kwa miaka 10 mama alikuwa amesema kwa niaba ya mtoto, na mtoto hakuwahi kuhitaji kusema. Na watoto wa SS wanajifunza mapema kuficha, kwa sababu wakisema wanaondolewa mchezoni.

Kwa hiyo tukaanza na vidole. Kidole kimoja: naona kitu kinaanza. Viwili: kinauma. Vitano: siwezi kusimama. Kazi ya mtoto ni kuonyesha viwili, asingoje vinne. Kazi ya mama, na hii ilikuwa ngumu zaidi, ni kutouliza. Kwa majuma matatu alijifunga mdomo, anaona paji la uso linakunjika, anangoja. Jioni moja mtoto alikuja jikoni alikokuwa anapepea mbabula, akainua vidole viwili, akasema, "Mama, mguu." Siku hiyo mama akatuma ujumbe kwa kikundi: ataenda.

Vidole vile vikaingia katika nyumba zote, kila nyumba kwa namna yake. Yule anayekojoa kitandani alikwenda na mama yake kumsalimia msimamizi na akasema mwenyewe, kwa sauti ndogo, kwamba anaomba kuamshwa saa nne na saa tisa. Mama yake alimwekea plastiki nyembamba ya kutandika chini ya shuka, iliyokunjwa ndani ya taulo isionekane. Msichana wa miaka 12, ambaye bado hajaona damu ya mwezi, alipewa vitambaa vyake na chupi tatu za ziada, na shangazi yake akakaa naye jioni nzima. Inaweza kuanzia kule, na mtoto asidhani ameumia. Na wote 11 walifundishwa sentensi moja: mtu akikuambia "usimwambie mama", hilo ndilo la kumwambia mama.

Kulala nje tulikuwa tumekufanyia mazoezi pia. Juma la kwanza, usiku mmoja kwa nkambo Kamalondo. Juma la pili, siku mbili kwa rafiki Katuba, ambako mtoto hajui choo kiko wapi na chakula si cha mama yake. Wawili walilia na kurudishwa usiku. Hatukuwacheka, tukawapeleka tena. Mmoja wao mpaka mwisho hakuweza, na hakuenda kambi; ataenda mwaka kesho, au hataenda. Begi kila mtoto alilipanga mwenyewe, akalifungua, akalipanga tena, kwa sababu kitu ambacho mama amekificha chini mtoto hatakiona juma zima. Soksi za kulalia, kofia ya sufi, sweta mbili, tochi, kikombe chenye mpini, chandarua. Herufi za jina tulizishona kwa uzi mwekundu, maana rangi ya bic inatoka. Yule wa SS alikuwa na zaidi: bidoni yake ya lita moja na nusu ambayo lazima aimalize mbele ya saa sita na kuijaza tena, na karatasi ya daktari iliyofungwa ndani ya plastiki, pamoja na asidi foliki na dawa ya maumivu, mkononi mwa mkubwa wa kambi.

Tuligombana juu ya simu. Mama Mapasa alitaka kuficha simu ndogo ndani ya unga wa mapacha wake. Tukakataa. Mtoto mwenye simu atapiga usiku wa kwanza, saa ambayo kila mtoto anataka kulia, na mama atapanda gari asubuhi. Ikawa msimamizi mkuu ndiye atatuma ujumbe mmoja kila siku saa sita. Baadaye tulijua kwamba mtandao unashika vizuri juu ya kichuguu tu, na kila saa sita mwalimu wa watu alikuwa anapanda pale na simu yake juu kama mtu anayetafuta nyuki.

Siku ya kwanza: wote wazima. Siku ya pili: wote wazima, mmoja amepoteza kiatu. Siku ya tatu ujumbe ulikuwa mrefu. Saa kumi ya usiku kijana wa SS alimwamsha msimamizi na kumwonyesha vidole viwili. Walimpa maji, wakampa dawa kama karatasi ilivyosema, wakajaza bidoni maji ya moto, wakaifunga kwenye kikwembe na kumwekea miguuni. Asubuhi alionyesha kimoja. Hatacheza mpira, amepewa firimbi, yeye ndiye mwamuzi.

Mama yake aliusoma ujumbe huo mbele yetu, akaukunja mkono juu ya simu, akavaa viatu. Hatukumshika. Kama angetaka kwenda tungekwenda naye, na tulikuwa tumekwisha kutazama nani ana pesa ya njia. Tukiwa kituoni simu ikalia. Alikuwa mtoto, kutoka juu ya kichuguu.

"Mama, usikuje. Nitapata haya."

"Vingapi?"

"Kimoja. Hata kimoja hakijai."

Alikaa kwenye benchi ya kituo muda mrefu, mabasi mawili yakaondoka kwenda Likasi, kisha tukarudi naye nyumbani kwa miguu.

Walirudi Jumamosi, weusi kwa moshi, sauti zimekatika kwa nyimbo. Blanketi mbili zilipotea, moja ikaja ya mtu mwingine. Yule anayekojoa kitandani alilowa mara moja tu, na wenzake hawakujua. Kijana wa SS alishuka wa mwisho, ana firimbi shingoni na kifurushi cha gazeti mkononi: samaki watatu wa moshi wa Kapolowe Gare, aliowanunua kwa pesa yake yote, kwa bei ambayo mama yake asingelipa hata siku moja. Walikuwa na mchanga. Aliwaosha mara tatu, akawapika na sombe.